Chiriku wanakufa kwenye meza ya ndege: je, niwanyime chakula?

SWALI: Daktari, shikamoo. Naishi Leicester, Uingereza, huu ni mwaka wa nne. Nyumba tuliyopanga ina kibustani nyuma, na bibi jirani alipohamia kwa mwanawe alituachia meza ya ndege ya mbao na vilishio viwili vya kuning'iniza. Mwanangu wa miaka saba ndiye anayejaza mbegu kila asubuhi. Tangu mwisho wa Agosti nawaona chiriku wa kijani, wale wanaoitwa greenfinch, wamekaa mezani wamejitutumua manyoya na hawaruki hata ukiwasogelea. Mmoja alikuwa amelowa kuzunguka mdomo. Wiki hii tumeokota wawili wamekufa. Mume wangu anasema ni mafua ya ndege, tuchome kila kitu. Mtoto analia kwamba tukiondoa chakula watakufa wote. Nyumbani Tanga mama alikuwa akiwamwagia shomoro chenga za mchele uani miaka nenda miaka rudi, na sikuwahi kuona ndege anakufa. Tunakosea wapi? Na je, mabaki ya wali na karanga naweza kuwapa?

JIBU: Marahaba. Nianze na la kufanya leo, maelezo yatafuata.

Shusha vilishio vyote viwili, fagia meza, na kama mnawawekea maji, yamwage. Msiweke kitu kwa wiki mbili. Zikipita na bado unamwona ndege aliyejikunyata, endeleeni kusubiri mpaka wagonjwa wasionekane tena. Najua kwa mtoto huo unaonekana ukatili. Mweleze kwamba Septemba huko mliko ndiyo neema ya ndege wanaokula mbegu: magugu yamekomaa, vichaka vimejaa matunda, na chiriku hawa wana mabawa ya kuwafikisha mbali. Kilishio chenu kwao ni kama kibanda cha chai njiani, kikifungwa watakwenda kwingine. Na kule kutawanyika ndiko tunakokutaka, kwa sababu kinachowaua hapo kwenu ni msongamano, si njaa ya porini.

Sasa shauri la baba. Hofu yake ina msingi. Tangu 2021 mafua ya ndege ya H5N1 yameua ndege wa baharini kwa wingi mno katika pwani za Uingereza, na watu wameona picha za fukwe zilizojaa mizoga. Lakini walioathirika zaidi ni bata, mabata bukini, membe na ndege wanaokula nyama. Ndege wadogo wa bustanini hukutwa nayo kwa nadra. Mimi nikisoma maelezo yako, vitu vitatu vinanivuta upande mwingine: aina ya ndege, majira, na ule mdomo uliolowa. Bila uchunguzi wa mzoga maabara hakuna daktari atakayekuapia, ila kama ningetakiwa kutaja ugonjwa mmoja tu, ningetaja trikomonasi.

Huu ni ugonjwa wa kimelea cha seli moja kiitwacho Trichomonas gallinae. Kinaishi mdomoni, kooni na kwenye gole la ndege, ule mfuko wa chakula wa shingoni. Hakihitaji mbu, kupe wala yai la kujificha. Kinasafiri kwa mate. Kikishaota kooni, nyama za hapo huvimba na kujaa mabonge ya manjano. Wafuga njiwa wanayajua mabonge hayo, na wafuga kozi, yule ndege wa kuwindia, wa nchi za Ghuba wanayajua vilevile, kwa kuwa kozi akilishwa njiwa mgonjwa huupata ugonjwa wote kama ulivyo. Njia ya chakula inapungua upana, kisha inaziba.

Hapo ndipo meza yako inapoingia. Chiriku mgonjwa ana njaa kali, kwa hiyo haondoki mezani. Anachukua mbegu, anaimenya, inakataa kushuka, anaitema ikiwa imelowa mate. Anachukua nyingine. Wenzake wazima huja, hula dakika chache na kuruka zao, lakini yeye hushinda pale kutwa nzima akitema. Aliye hatari kuliko wote ndiye anayekaa muda mrefu kuliko wote, na kila anachokitema kinabaki palepale mbele ya anayefuata. Mwisho anakufa kwa njaa au kwa kukosa pumzi, huku amezungukwa na chakula. Ndiyo maana hakuruka uliposogea, hakuwa na nguvu tena. Na ndiyo maana mdomo ulikuwa umelowa.

Kimelea hiki ni cha zamani sana kwa njiwa, na njiwa wengi hutembea nacho bila kuumwa. Kwa chiriku wa Uingereza ni mgeni. Kiligunduliwa kwao 2005, na mwaka uliofuata kikalipuka. Wataalamu wanaamini kilivuka kutoka kwa njiwa-pori, na mahali ambapo njiwa-pori na chiriku wanakula sahani moja ni bustani za watu. Idadi ya greenfinch nchini ilishuka kutoka takriban milioni 4.3 hadi milioni 2.8 kufikia 2009. Mwaka 2008 ugonjwa ulikwisha kuonekana Uswidi, Norwe na Ufini, na wanaoshukiwa kuubeba ni chiriku wanaohama kwa majira. Mwaka 2021 greenfinch alitolewa kwenye orodha ya kijani ya ndege wasio na shida akapelekwa moja kwa moja kwenye orodha nyekundu, bila hata kupitia ya kati. Hao waliolala kwenye nyasi zenu ni sehemu ya msiba uliodumu miaka karibu ishirini, na haukuanzia kwenu.

Ukiniuliza mlikosea wapi, basi jibu langu ni meza. Sipendi meza za ndege za mbao, na mnielewe vizuri: ni nzuri kutazama, na bibi jirani aliitunza kwa mapenzi. Lakini ubao bapa unakusanya kila kitu pamoja, mbegu zilizotemwa, kinyesi, mvua. Njiwa mnene ambaye hawezi kuning'inia kwenye kilishio cha bomba anakaa mezani kwa raha zake. Kimelea hiki hufa haraka kikikauka, ila mbegu iliyolowa mate au mvua inakipa muda wa kutosha wa kumpata mwingine. Na ubao una nyufa ambazo hata uzisugue vipi hazisafiki. Mwanzoni mwa 2025 RSPB, chama kikubwa cha kulinda ndege nchini humo, kilisimamisha uuzaji wa vilishio vyenye sakafu bapa kwa sababu ya wasiwasi huohuo. Meza hiyo iwekeeni chungu cha maua.

Suala la Tanga ni zuri, na si kwamba mama alikuwa na bahati. Chenga zile zilimwagwa chini, zikatawanyika upana wa ua mzima. Kuku wa nyumbani walishindana na shomoro, na muda si muda hakuna hata punje. Jua la pwani likapiga mchanga ukawa mkavu. Leicester mnajaza bomba asubuhi, linabaki na mbegu mpaka jioni na hata siku ya pili, katika ubaridi na unyevu, kila ndege akitua kwenye vitundu vilevile viwili au vitatu. Hata hivyo usidhani ndege wa kwetu hawaambukizani. Mama anajua kideri kinavyofagia banda zima la kuku, na trikomona ipo kwa njiwa karibu kila mahali duniani. Huko Mauritius, ambako njiwa wa waridi aliponea chupuchupu kutoweka, kimelea hikihiki kimekuwa kikiua makinda kiotoni na kuwaumiza vichwa wanaomhifadhi ndege huyo.

Wiki mbili zenyewe zitumieni kusafisha. Watu wengi hurukia jiki moja kwa moja, na hapo kazi inaharibika: jiki ikikuta uchafu inamalizia nguvu zake kwenye uchafu, vidudu vinabaki. Fungueni kilishio vipande vyote. Mbegu zilizobaki ziingie kwenye mfuko, mfuko kwenye pipa la taka. Sugueni kwa maji ya moto na sabuni mpaka pasibaki utando, hasa kwenye vitundu vya kutolea mbegu na chini kabisa ya bomba, ambako huganda uji wa vumbi la mbegu na mvua. Hapo ndipo ichanganywe jiki, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, na vipande viloweshwe dakika kumi. Kisha suuza mpaka harufu iishe, anika mpaka vikauke kabisa. Kukausha ni nusu ya kazi, usikuruke. Fanyeni haya nje, kwa beseni na brashi zisizoingia jikoni, na glavu mkononi. Jiki isichanganywe na sabuni nyingine za chooni, inatoa hewa ya sumu.

Vikirudi, virudi vichache. Ningeanza na kilishio kimoja cha bomba, kisicho na sahani chini, na mbegu za kutosha siku moja au mbili tu. Kikiwa kitupu saa tisa alasiri, kiacheni kitupu. Mtaona jinsi ndege wanavyotawanyika vizuri. Kama mnataka cha pili, kiwe upande mwingine wa bustani, na kila baada ya wiki chache vibadilishiwe mahali ili kinyesi kisirundikane sehemu moja. Kuosha ni mara moja kwa wiki, na maji ya kunywa na kuoga yabadilishwe kila siku kwenye chombo kilichosuguliwa na kukaushwa. Mtu akinishurutisha nichague kati ya mwenye kuosha kila wiki lakini anajaza vilishio vitano vikaribiane, na mwenye kimoja anachokiosha akikumbuka, sitampongeza yeyote, lakini yule wa vitano ndiye ninayemwogopa.

Kwamba kilishio chenyewe ndicho kinachoeneza ugonjwa, kuna ushahidi kutoka Marekani, na nautoa kwa sababu barua nyingine nazipata kutoka kwa ndugu zetu walioko huko wanaouliza habari za ndege wenye macho yaliyovimba. Kule kuna chiriku mwenye kichwa chekundu anayeitwa house finch. Asili yake ni magharibi. Mwaka 1940 wachuuzi wa ndege wa New York waliokuwa wakimuuza kinyume cha sheria waliwaachia, na akazaana upande wote wa mashariki. Majira ya baridi ya 1994, karibu na jiji la Washington, watu wakaanza kuona wenye macho mekundu, yametunga usaha, yamefumba. Ilikuwa mikoplasma, bakteria wa kuku wa siku zote, safari hii kwa ndege wa porini. Kwa miaka michache ukaenea mashariki yote hadi Kanada, na maelfu ya wananchi wa kawaida wakawa wanaandikia Chuo Kikuu cha Cornell waliyoyaona madirishani mwao. Ndege aliyepofuka hafi kwa ule ugonjwa. Anakufa kwa paka, kwa baridi, kwa kutokiona chakula.

Utafiti mmoja uliochapishwa 2015 uliwavisha ndege hao vitambulisho vidogo vya elektroniki ili kila wanapotua kwenye kilishio iandikwe. Ilitegemewa kwamba mwenye kuchangamana na wengi ndiye atakayeambukizwa na kuambukiza. Haikuwa hivyo. Aliyekaa muda mrefu kwenye kilishio ndiye aliyeupata na ndiye aliyeueneza. Kwa hiyo anayeishi Minneapolis au Toronto na kuona macho ya namna hiyo, agizo ni lilelile nililompa mama wa Leicester: shusha, osha, kausha, subiri.

Salmonela, bakteria wa kuharisha, nayo nitaigusa kwa sababu ya mtoto wako. Trikomona ya ndege haiambukizi binadamu, hilo ondoa wasiwasi. Mikoplasma ile ya macho pia haina shida na sisi. Salmonela ni jambo jingine. Kati ya 2020 na 2021 chiriku wadogo wa misitu ya Kanada walikosa mbegu kwao, wakamiminika kusini kwenye vilishio vya watu, na salmonela ikawashukia hasa majimbo ya magharibi. Wakuu wa afya wa Marekani waliunganisha wagonjwa 29 wa majimbo 12 na ndege hao, na 14 kati yao walilazwa hospitali. Si idadi ya kutisha, ila ni ya kutosha kumfundisha mtoto wa miaka saba kuosha mikono kwa sabuni kila akitoka kujaza mbegu, kabla hajagusa mkate. Paka pia huupata kwa kula ndege mgonjwa, na ndege mgonjwa ndiye rahisi kukamata. Kama jirani ana paka anayeingia kwenu, mwombeni amfungie ndani siku hizi.

Ukimwona mwingine mwenye vinundu vikubwa vya kijivu au vyekundu kichwani, hasa wale ndege wadogo wenye mashavu meupe na kifua cha manjano, hiyo ni ndui ya ndege, binamu wa ndui ya kuku unayoijua. Wengi hupona. Hatua ni zilezile.

Mizoga: usiishike kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, shika ndege, ugeuze mfuko ndani nje, funga, na mwingine juu yake, kisha pipani. Kabla ya kutupa, toa taarifa. Kuna mradi unaoitwa Garden Wildlife Health, unaoendeshwa na wanasayansi wa wanyama pamoja na vyama vya ndege, unaopokea ripoti za wananchi na mara nyingine huomba mzoga kwa uchunguzi. Kwa baba aliye na shaka ya mafua ya ndege, kuna idara ya serikali inayoitwa Defra inayopokea taarifa za ndege wa porini waliokufa, na aitumie. Sina kinyongo naye. Akitaka uhakika, huko ndiko unakopatikana. Kuchoma meza hakutampa.

Wapo watakaokuambia utie dawa kwenye maji. Dawa ya ugonjwa huu ipo, na mimi nimewapa njiwa wa kufugwa. Lakini kwa njiwa nina banda, najua uzito wa kila mmoja, najua nani kanywa. Bustanini mgonjwa aliyezibwa koo hanywi vya kutosha, wazima watainywa bila sababu, na kimelea kilichoonjeshwa dawa kidogo kidogo ndicho kinachojifunza kuizoea. Usijaribu. Na ukimkuta ambaye bado hai lakini amelala chini, mweke kwenye boksi lenye giza, tulivu, lenye matundu ya hewa, kisha piga simu kwa kliniki ya wanyama iliyo karibu au RSPCA, chama cha kutetea wanyama. Usimlishe kwa nguvu. Koo likiwa limeziba utamkaba.

Chakula mlichouliza sasa. Wali mkavu usio na chumvi wala mafuta, kijiko kimoja viwili, hauna ubaya, mradi uishe kabla ya jioni. Pilau, wali wa nazi na mchuzi hapana. Ukiulaza usiku, mtakaowalisha ni panya. Karanga zina mafuta mazuri kwa siku za baridi, lakini kwa karanga mimi ni mkali, na Mtanzania hahitaji kuelezwa sana kwa nini. Sumukuvu iliyoleta vifo Dodoma na Manyara 2016 kupitia nafaka zilizoota ukungu ndiyo hiyohiyo inayowaua ndege, nao kwa miili yao midogo huhitaji kidogo tu. Nunueni zilizouzwa kama chakula cha ndege na zilizopimwa sumukuvu, ziwekwe kwenye kilishio cha wavu wa chuma ili ndege adonoe vipande, asiondoke na karanga nzima na kumkaba kinda. Zikibadilika rangi au kunuka uvundo, zote pipani, hata kama kilo ilikuwa ghali. Zile za kukaangwa kwa chumvi kuleni wenyewe na chai.